Kopo la Klipu

Ukitaka kujua gari kuukuu lilipakwa rangi na fundi wa namna gani, usiangalie boneti. Boneti hung'aa hata mikononi mwa mvivu. Pitisha ukucha kandokando ya ule mkanda wa nikeli unaopita ubavuni, au chini ya raba ya kioo cha mbele, au pale kitasa kinapokutana na mlango. Ukucha ukikwaa kwenye ukingo wa rangi, jua gari lilipakwa likiwa limevaa. Walilizungushia magazeti na tepu ya karatasi, wakapuliza, wakabandua, wakachukua chao. Ni sawa na kumnyoa mtu huku kofia i kichwani: uipite kofia kwa ustadi namna gani, akiivua tu yataonekana.

Wazee wenzangu wa gereji wanalipenda sana jaribio hilo la ukucha. Wakikaa barazani huwahukumu nalo vijana: "Siku hizi hakuna fundi wa rangi, kuna wabandika tepu." Na vijana, kwa adabu waliyolelewa nayo, hujibu, "Kweli mzee, ninyi ndio mlikuwa mafundi." Mimi sifa hiyo naipokea kwa mkono mmoja. Nilikuwepo. Nayajua magari tuliyoyavua hadi mifupa, nayajua pia yale ya funika kombe mwanaharamu apite, hasa teksi, iliyoingia Ijumaa usiku na Jumamosi asubuhi ikawa inasaka abiria. Na zile sababu zilizotufanya tuwe waangalifu nazijua. Nyingi hazikutokana na tabia njema.

Kwanza kazi yenyewe, maana wengi wanaoisifu hawajawahi kuiona ikifanywa.

Nachukua Volkswagen, ile ya mviringo, kwa kuwa ndiyo iliyotusomesha wengi. Ilishinda mbio za Safari mwaka 1954, 1957 na 1962, na injini yake ya nyuma hupozwa kwa upepo, haijui rejeta. Walimu na makarani waliipenda kwa hilo: ukiwa njia ya Dodoma wakati wa kiangazi, gari lisilodai maji ni rafiki. Ile ya mwaka 1967, mwaka wa Azimio la Arusha, ina mikanda saba ya kung'aa. Mmoja uko katikati ya boneti, na mitatu kila ubavu: mbele ya mlango, mlangoni, na nyuma ya mlango. Hutaona skrubu. Kila mkanda umeshikwa na klipu ndogo za chuma cha springi, zilizosukumwa kwenye matundu ya bodi. Mkanda wenyewe ni alumini, na alumini ina kinyongo. Ukiikunja mara moja haisahau. Utainyoosha kwa nyundo ya mbao mpaka uridhike, halafu jua la asubuhi likipiga ubavuni kovu liko palepale.

Kwa hiyo bisibisi haikuruhusiwa kukaribia. Kalasinga aliyetufundisha, kwenye gereji iliyokuwa upande wa Gerezani, alituchongesha kabari bapa za mninga, upana wa vidole viwili. Kabari inaingizwa jirani kabisa na klipu, si katikati ya klipu mbili. Unainua kidogo. Unahamia upande wa pili wa klipu ileile, unainua kidogo. Kisha klipu inayofuata. Mwenye pupa huanza ncha moja na kuvuta, na mkanda unampindia pale klipu ya tatu iliposhika. Saa nzuri ni saa sita mchana, jua likiwa limelainisha raba na uchafu ulioganda kwa ndani. Nasikia Ulaya hutumia vipulizo vya hewa moto. Sisi jua la Dar es Salaam lilikuwa bure, na tulilalamikia hilo hilo.

Klipu iliyong'ang'ania kwenye tundu ulibana mabawa yake kwa plaizi ikatoka nzima. Klipu za mikanda zilitungwa kwenye waya, waya mmoja kwa mkanda mmoja, na waya ukafungwa kwenye mkanda wake. Zilizobaki zilikwenda kwenye kopo la maziwa ya unga lenye namba ya gari. Kalasinga alishikilia kwamba klipu iliyokaa kwenye tundu moja miaka kumi imeshachukua umbo la tundu lile, ukiihamisha italegea. Siku hizi ukisema hivyo kijana atakucheka, ila jaribu.

Baada ya mikanda zilifuata taa, vitasa, kioo cha pembeni, nembo ya boneti. Nembo ina miguu inayoingia kwenye vijiraba vya plastiki, nayo miguu hiyo huvunjika ukiitazama vibaya. Magari mengine yalikuja baadaye na nembo za gundi, na hizo tulizikata kwa mshipi wa kuvulia samaki: shika ncha mbili, upitishe nyuma ya nembo, nenda rudi nenda rudi mpaka iachie. Halafu madigadi. Ya Volkswagen hayakuchomelewa, yamefungwa kwa boliti, na kati ya kila digadi na bodi kuna utepe mwembamba wa plastiki. Fundi wa bora liende huupuliza rangi utepe ule pamoja na gari zima. Baada ya miezi michache rangi inapasuka palepale kwenye kiungo, maji yanaingia, na mwenye gari anamlaumu aliyeuza rangi.

Kioo cha mbele kilihitaji watu wawili na subira ya watu watatu. Raba ikiwa imekauka unaikata kwa wembe, mmoja anasukuma kioo kutoka ndani, mwingine anakipokea nje. Kukirudisha ndiko kazi. Mkanda wa kung'aa unauvisha kwenye mfereji wa raba kwanza, mezani, kabla raba haijaingia kwenye gari, kwa sababu ukishakipachika kioo hautaingia tena hata kwa maombi. Kisha unazungusha kamba nyembamba kwenye mfereji wa ndani wa raba, unapaka maji ya sabuni, unakiegesha kioo mahali pake. Wa nje anagonga kwa kiganja, wa ndani anavuta kamba polepole, na mdomo wa raba unapanda juu ya bati inchi kwa inchi. Kamba ikikatika katikati mnaanza upya, na mnaanza upya kimya, kwa sababu mwenye gereji anasikia.

Na chini ya hayo yote ndiko ulikokuta habari za gari. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Mkanda hushika mchanga na chumvi nyuma yake, hasa kwa gari lililolala miaka karibu na bahari, na kutu huanzia kwenye matundu ya klipu na kutambaa chini ya rangi bila kujionyesha. Nta ya kung'arishia nayo hujificha humo. Ukipuliza rangi juu ya nta hiyo, rangi hukataa kushika, inakimbilia kando na kuacha vishimo vya duara. Kwa hiyo tulifuta kwa thina kwanza, msasa baadaye. Anayeanza na msasa anaisukumia nta ndani ya bati. Matundu yalikwanguliwa kutu, yakapigwa praima kwa brashi ndogo, na siku ya kurudisha klipu kila moja ilipakwa grisi kidogo ili tundu lisinywe maji.

Hiyo ndiyo kazi. Sasa swali la kwa nini tuliifanya.

Mpaka wetu na Kenya ulifungwa mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, na haukufunguliwa hadi 1983. Vipuri vingi vilikuwa vikishuka kutoka Nairobi. Katikati ya miaka hiyo ikaja vita ya Kagera, ikaja na bei ya mafuta iliyopanda tena mwaka 1979, na fedha za kigeni zikawa kitu cha kusimuliwa. Tairi tulitengeneza wenyewe, Arusha. Klipu ya Volkswagen haikutengenezwa popote nchini. Ikivunjika imevunjika. Jumapili alasiri magari ya watu binafsi yalikatazwa barabarani ili kubana mafuta, basi wenye magari walikuja kukaa gereji, wanatazama mikono yetu, wanahesabu klipu pamoja nasi. Hebu mtu apindishe mkanda mbele ya mwenyewe aliyekaa hapo kwenye kibao tangu saa nane! Mwaka 1983 kulipoanza msako wa wahujumu uchumi, watu walitupa bidhaa mitaroni usiku. Kuwa na boksi la vipuri vipya lilikuwa jambo la kujieleza. Vipuri vikuukuu kwenye kopo la maziwa havikumtia mtu mashakani.

Kwa hiyo vijana wanaposema sisi tulikuwa na subira, nawaambia tulikuwa na woga. Tulivua kwa uangalifu kwa kuwa hakukuwa na pengine pa kupata. Na gari lilikuwa halina pa kwenda: mtu alinunua Volkswagen akijua atazeeka nayo, mtoto atajifunzia kuendesha humo, na binti akiolewa itafungwa riboni. Rangi ya gari la namna hiyo inastahili wiki mbili za gereji. Teksi haikustahili, na hatukuipa. Fundi alikuwa yuleyule, mkono uleule.

Ndiyo maana nasema hesabu ya kizazi chetu isifanywe kwa ukucha peke yake. Nyani haoni kundule. Watu walewale waliotunga klipu kwenye waya walipoingia karakana za mabasi ya umma walisahau waya na kopo. Nilikuwa na rafiki huko, na nilikwenda kumtembelea mara kwa mara. Basi moja likikosa taa, taa ilinyofolewa kwenye basi lililosimama; likikosa kioo, kioo; likikosa mkanda wa feni, vivyo hivyo. Hakuna aliyeandika nini kimetoka wapi. Yale mabasi yaliyosimama yaliendelea kusimama, kwa kuwa kila siku yalizidi kuwa mepesi. Ujuzi wa kufungua kitu kwa nia ya kukirudisha tulikuwa nao vidoleni. Tuliutumia kwa cha mtu aliyekaa kwenye kibao akitutazama.

Kisha kuna suala la kufundisha. Katika gereji zetu, mwanagenzi alifagia, akachota maji ya msasa, akaleta chai, na mwaka ukapita kabla hajaruhusiwa kushika kabari. Mafundi wakubwa walichanganya rangi wakiwa wamegeuza mgongo. Kuna aliyekuwa anajua kupata bluu ya Volkswagen kwa kubahatisha kwa jicho, bila mizani, na ikalingana na digadi la zamani hata ukitazama alasiri, ambapo rangi husema kweli. Alikufa nayo. Tuliita hiyo kuilinda riziki. Leo tunashangaa kwamba vijana wamejifunza kwa kubandika tepu, kana kwamba kuna mlango mwingine tuliowaachia wazi.

Sijawaeleza bado vifua. Rangi za njano na nyekundu za zamani zilikuwa na madini ya risasi, na tulizisugua kwa msasa mkavu tukiwa tumefunga leso puani, mara nyingi hata leso hamna. Thina tulinawia mikono. Ukitaka kuwajua wapaka rangi wa rika langu msikitini, wasikilize wanavyokohoa wakiinuka kutoka kwenye sijida.

Baada ya mwaka 1985, Mzee Mwinyi alipokuwa rais na watu wakampa jina la Ruksa, bidhaa zilirudi, na muongo uliofuata ukaleta mitumba ya Japani. Hapo kazi yetu ilibadilika bila mtu kutuuliza. Bampa likawa la plastiki lenye rangi ya gari. Mkanda wa ubavuni ukawa kipande cha plastiki kilichobandikwa kwa tepu ya pande mbili, ukikiharibu kuna kingine Kariakoo kabla ya adhuhuri. Kioo kikawa cha kugundishwa. Gari lenyewe lilikaa na mtu miaka mitatu, akaliuza aongeze anunue jingine. Kijana anayezungushia magazeti kwenye gari la namna hiyo anafanya hesabu ileile tuliyoifanya sisi kwa teksi, na hesabu yake ni sahihi.

Ninayetaka kumzungumzia ni mwingine. Mtaani kwetu kuna kijana, kazi yake ni kompyuta, aliyenunua Volkswagen ya 1967 kutoka kwa familia ya mwalimu mstaafu. Angeweza kununua gari jipya zaidi kwa fedha ileile. Alikuja kwangu jioni moja, akaamkia, akakaa, akazunguka weee, mwisho akasema: "Babu, nimeambiwa wewe ndiye unajua kulivua."

"Nani kakwambia?"

"Fundi niliyempelekea. Kasema yeye atapiga tepu, ila kama nataka la kuvua nije kwako. Kasema utanipotezea muda."

Nilimpenda fundi yule kwa ukweli wake.

Tulianza. Sikumgeuzia mgongo, niwe mkweli ni kwa sababu mgongo wenyewe hauniruhusu kugeuka haraka. Nilimpa kabari, akaishika kama kalamu, nikamrekebisha. Kabla ya kugusa chochote alipiga picha: kila kiungo, kila waya wa taa, kila raba ilivyokaa. Picha mia ngapi sijui. Klipu alizitia kwenye vifuko vya plastiki vyenye maandishi na akaviorodhesha kwenye simu. Nilimwonyesha waya na kopo, akakubali kwa heshima, kisha akaendelea na vifuko vyake. Ni bora kuliko kopo. Kopo halisemi digadi la kushoto limetoka na washa ngapi.

Klipu mbili zilivunjika mlango wa kulia, kutu ilikuwa imezila. Moyo wangu ulipiga kama zamani. Yeye akatoa simu, akaniuliza, "Babu, za miaka ile ni hizi?" Akaagiza seti nzima, na kabla sijamaliza kueleza namna tulivyokuwa tukijaribu kuzikata kwenye bati la kopo alikuwa ameshalipa. Volkswagen ya mwisho ya aina ile ilitoka kiwandani Puebla, Mexico, mwaka 2003, baada ya kutengenezwa zaidi ya milioni 21, na gari lenye ndugu wengi hivyo halikosi wa kulitengenezea vipuri.

Hapo ndipo nilipotambua tofauti yetu. Huyu hana woga. Akivunja ataagiza. Bado anainua kidogo upande huu, kidogo upande huu, jasho linamtiririka, wakati hakuna kinachomlazimisha. Anasema anataka kulipeleka Nairobi, kwenye maonyesho ya Concours pale uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, ambako majaji huinama hadi chini ya gari. Labda ni hiyo. Nadhani hata maonyesho yakifutwa atavua vilevile. Mimi katika umri wake, kama Kariakoo ingekuwa imejaa klipu, ningepiga tepu nikaenda kutazama mpira. Wazee wenzangu nikiwaambia hivi hawafurahi.

Tumegombana mara moja. Alikuwa ameona kwenye picha Volkswagen zisizo na mikanda kabisa, ubavu mtupu, matundu yamechomelewa na kusawazishwa kwa puti. Anaona ni safi. Nikamwambia matundu yale yalitobolewa kiwandani, na puti kwenye joto letu hujitenga na bati mapema kuliko unavyodhani. Akasema atachomelea kwa bati, si puti. Nikamwambia gari ni lako. Akasema, "Babu usikasirike." Sikukasirika, nilinyamaza tu, na nyumbani kwetu hiyo ni lugha nyingine. Siku ya pili alikuja na brashi ndogo na praima, akaanza kuyapaka matundu moja baada ya jingine, hakuniambia ameamua nini na mimi sikuuliza. Mikanda imefungwa kwenye shuka, iko juu ya kabati la mama yake.

Kupuliza kutakuwa wiki ijayo. Rangi hizi za sasa unachanganya na kigumisha, zinakauka ngumu na kung'aa bila kusuguliwa, ila kigumisha kina kemikali inayoweza kumpa mtu pumu ya maisha, na haina harufu kali ya kukuonya mapema. Yeye alikuwa amejiandaa na barakoa ya kitambaa, ile ya wakati wa korona. Nikaenda mwenyewe dukani nikamnunulia yenye vichujio viwili pembeni, inayobana uso, nikamwambia bila hiyo bomba la kupulizia halitoki stoo kwangu. Aliijaribu jana uani. Ameshaanza kulalamika kuwa inamtoa jasho na inamkwaruza ndevu, na mimi nimemwambia anyoe.